Maka Nyeusi na Kitambaa cha Senge Taaka

Juzi mjukuu wangu alikuwa amelala kifudifudi sebuleni akimchorea mwenzake kadi. Alipochomoa kifuniko cha kalamu yake, harufu ilinifikia hadi jikoni nilikokuwa nachambua mrenda. Harufu kali, yenye utamu kwa mbali, inayopanda moja kwa moja hadi nyuma ya macho. Niliacha mboga zangu kwenye ungo nikakaa kitako. Nilikuwa nimerudi Busia ya miaka ya sabini, nina miaka kumi, vidole vyangu vyeusi, na moyo unanidunda kama wa mwizi wa kuku.

Baba alikuwa karani katika godauni moja kule Malaba, na nyumbani Busia tulimwona Jumamosi na Jumapili tu. Jumamosi moja alinitolea mfukoni kalamu fupi, nene, ya bati, yenye ncha pana kama ulimi wa mbuzi. Kazini waliiita maka, kwa sababu ndiyo waliyotilia alama masanduku ya mizigo kabla hayajapanda treni. Ilikuwa imezeeka, wakubwa wake wakapata nyingine.

"Chora kwa karatasi," aliniambia. "Ukuta wa mama yako uache upumzike sasa."

Maana nilikuwa na ugonjwa wa kuchora. Makaa ya jikoni, chokaa, tofali lililovunjika, chochote kilichoacha alama kilikuwa changu. Lakini sikuwa nimewahi kushika kitu kama maka. Iliandika kwenye chupa. Iliandika kwenye bati, kwenye kiatu, kwenye ganda la yai, na haikufutika. Jumatatu niliibeba shuleni, na kufikia mapumziko nilikuwa nimewachorea saa za mkononi karibu nusu ya darasa, zenye mkanda na mishale yake. Mwalimu alipoingia akauliza kwa kejeli ni saa ngapi, mikono ishirini ilijikunja kwa pamoja na wote wakajibu kwamba ni saa nne na dakika kumi, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee niliyojua kuichora ikapendeza. Alicheka hadi akashika meza, kisha akatupeleka bombani tukasugue. Saa zetu zilitembea na sisi hadi Ijumaa.

Mwaka huo ndio Senge Taaka alipoposwa. Senge ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu Samia. Alikuwa dada mkubwa wa baba, aliishi nasi, na kila asubuhi alipanda baiskeli kwenda Busibwabo kufundisha watoto wa chekechea. Umri wake ulikuwa umepita ule ambao watu huuliza kwa upole, ukafika ule ambao hawaulizi tena bali wananong'ona. Kisha akatokea mwanamume mmoja wa Angurai aliyefiwa na mkewe, mtu mpole wa kabila la Wateso mwenye shamba la pamba, na harusi ikapangwa kufanyika Funyula, nyumbani kwa babu.

Mama alikuwa na mkono wa kudarizi uliojulikana hadi ng'ambo ya mpaka. Kwa miezi minne alishona kitambaa cha meza ya maharusi, cheupe pe, chenye maua mekundu na majani ya kijani kwenye kila kona. Wiki ya mwisho ilibaki kona moja.

"Nabwire, nichoree hayo maua ya mwisho," aliniambia, akijifunga leso aende sokoni kutafuta nyuzi. "Manne tu, kama yale mengine. Na uchore na penseli, umesikia?"

Nilisikia. Nilianza na penseli, naapa. Lakini mstari wake ulikuwa hafifu, na niliona jinsi mama alivyokuwa akikodoa macho kuitafuta mistari ya zile kona tatu. Nikawaza, maka itamsaidia. Ataona vizuri. Nikagusa ncha juu ya ua la kwanza.

Wino haukusimama pale nilipouweka. Ulitambaa kwenye nyuzi za pamba kama uji uliomwagika, ukawa doa la ukubwa wa shilingi, kisha la ukubwa wa kifuniko cha birika. Nilidhani ni ubaya wa mahali pale tu, kwa hivyo nikajaribu ua la pili. Ikawa vilevile. La tatu nilichora haraka zaidi. La nne, sijui hata leo kwa nini nilichora la nne.

Nilikimbia na ile kona kwenye karai. Sabuni ya kipande ilitoa povu jeupe zuri, na chini yake madoa yalikuwa meusi kuliko mwanzo. Hapo ndipo Senge aliponikuta, ameegemeza baiskeli ukutani.

"Nani amekufa?" aliuliza alipouona uso wangu.

Nikainua kitambaa. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu, akaingia ndani, akatoka na chupa ya spiriti, ile ya kuwashia taa ya karabai.

"Wino ya aina hii haijui maji," alisema. "Inajua spiriti. Watoto wangu kule shuleni nawaosha mikono nayo."

Alikamua kitambaa, akakitandaza juu ya ungo uliopinduliwa, tukangoja jua likikaushe. Kisha akadondosha matone katikati ya doa la kwanza. Doa halikutoka. Lilifunguka. Weusi ulianza kukimbia kuelekea nje, na ulipokimbia ukaachana: zambarau ikabaki katikati, buluu ikaizunguka, na ukingoni kabisa ukatokea uwaridi mwembamba kama ule wa ndani ya sikio la sungura. Sikujua kwamba rangi zote hizo zilikuwa zimejificha ndani ya nyeusi.

"Ngoja," alisema Senge kwa sauti ndogo, akanipa chupa. "Hiyo ingine fanya wewe. Polepole."

Nilifanya la pili, la tatu na la nne, nikiwa nimeshikilia pumzi. Nilisahau kuwa nina makosa. Nilikumbuka mlango wa uani ulipolia na mama akaingia na nyuzi zake.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akaiweka ile kona mapajani.

"Miezi minne, Taaka," alisema. "Miezi minne nashona, ili watu wa Angurai wajue umetoka kwa watu."

"Watajua."

"Watacheka."

"Wamenicheka mimi mpaka wakachoka," Senge akajibu. "Mara hii wacheke kitambaa. Mimi nataka hii hii. Ukiniwekea ingine, meza yangu ikae wazi."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akainuka akaenda kupika. Usiku ule hakunisemesha.

Kesho yake nilipotoka shule aliniita, akanionyesha kiti kando yake. Alikuwa ameitandaza kona ile kwenye duara la kudarizia.

"Hapa rangi gani?" aliuliza, kidole kikiwa katikati ya ua la kwanza.

"Zambarau," nilisema kwa woga.

Akatunga uzi wa zambarau. Alishona akifuata mawimbi ya wino yalivyokwenda, mshono mdogo mdogo, na kila alipofika mahali akauliza tena: hapa rangi gani? Nilichagua, naye akatunga. Hakuwa na neno jingine. Niliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo adhabu yangu, kukaa karibu na hasira yake hadi iishe.

Jumamosi ya harusi pale Funyula, kabla ya chakula, akina mama wa Angurai walisimama kwenye kona yetu, wakainama, wakapapasa. Mmoja akamgeukia mama. "Dada, hii umeifanya namna gani?"

"Hiyo si mimi," mama alijibu. "Ni huyu msichana wangu."

Nilijificha nyuma ya gauni lake. Senge, mezani, alikuwa anamwonyesha mumewe zile rangi moja baada ya nyingine, na yule mzee mpole alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua njema.

Ilipita miaka mingi. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa sanaa, nina watoto wangu, siku tuliyokuwa tukimenya viazi na mama nikamuuliza mbona siku ile ya kushona kona alinikasirikia hivyo hata akashindwa kuongea nami.

Alishangaa. "Kukasirika nilikasirika ile jioni moja tu," alisema. "Kesho yake niliona vile unachagua rangi. Hukuwa unabahatisha. Nikaogopa nikifungua mdomo nitakuharibia."

Akachukua kiazi kingine. Mimi kisu changu kilikuwa kimesimama.