Goti la Kaka

Nikisikia harufu ya televisheni iliyopata moto, nakumbuka chumba cha kuchezea gemu za mpira kule mtaani Ng'ambo. Kaka yangu alikuwa winga hodari kabla hajavunjika goti. Nilimpeleka pale nikidhani atafurahi.

"Tizama, kaka, wanakimbia kama watu wa kweli!"

Akacheza, akafunga, hata akacheka. Kisha winga wake akapigwa mtama, akaanguka huku kashika goti. Wakamtoa kwa machela. Mechi ya pili ilipoanza, winga yule yule alikuwa uwanjani, mzima, anakimbia.

Kaka akanirudishia padi ya kuchezea. "Uongo mtupu huu," akasema. "Twende zetu."

Nikamwokotea magongo yake. Tangu siku ile hakumuuliza tena mama goti litapona lini, na mama naye akaacha kumwambia litapona.