Tangi Lililojiponya Mara Moja

Jumanne asubuhi tulipata habari kutoka hospitalini kwamba fundi wetu wa faiba hapa Eldoret amefariki. Wengi mlimjua kwa karakana yake ya mtaa wa West Indies, alikounda matangi na kukarabati bodi za magari, mikono ikimwasha daima kwa nyuzi za kioo. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, nami namshukuru Mungu kwa miaka aliyotujalia kuwa naye. Lakini shukrani hainipi ruhusa ya kunyamaza.

Tangi la maji la kanisa letu kule Chepsaita alilitengeneza kwa namna ya pekee. Kati ya matabaka ya faiba alilaza mirija myembamba ya kioo, miwili miwili: mmoja wa gundi, mwenzake wa dawa ya kuigandisha. Ukuta ukipasuka, mirija inavunjika, gundi na dawa zinachanganyika na kuziba ufa. Mwaka jana tuliona gundi ikichuruzika kama jasho, na kesho yake ufa ulikuwa umekauka. Akina mama waliimba. Mimi nilihubiri juu yake.

Alhamisi ya wiki iliyopita Fundi aligonga ukuta ule kwa sarafu, akasikiliza, kisha akanijia mimi mwenyekiti wa kamati ya kanisa. "Mzee, tangi limwagwe leo. Ufa umerudi palepale."

"Si linajiponya? Ama umepoteza imani, Fundi?"

"Imani ninayo, Mzee. Gundi ndiyo imeisha pale. Mrija ukishavunjika, basi."

Wanakamati walicheka. Jumapili ilikuwa harambee, mgeni wa heshima kutoka chama cha siasa angeonyeshwa tangi, na chai ilihitaji maji. Nikamwambia angoje Jumatatu, subira huvuta heri. "Sawa, Mzee," akasema. "Basi wacha nilifunge mikanda ya chuma." Jumamosi mchana alikuwa chini yake akikaza mkanda wa pili ukuta ulipofunguka, maji na mawe ya nguzo zilizolibeba yakamwangukia.

Harambee ilifanyika, yeye akiwa amelazwa. Chai ilipikwa kwa maji ya mtoni. Mgeni hakuuliza habari za tangi. Mjane wake ameniambia, bila hasira, "Alisema Mzee amemwambia angoje, na Mzee hasemi ovyo."

Nimesifiwa kwa subira miaka mingi. Siku ile haikuwa subira. Niliogopa kumwambia mgeni kwamba kitu tulichojivunia kina ufa, na mwili uliobeba hofu yangu haukuwa wangu. Ninyi mliopewa kuamua, kanisani, shuleni au ofisini, anayeujua ufa akiwajia, mwageni maji kwanza. Maswali yatangoja.