Siku Niliyosema Kokoto Zipo

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na hata leo nikimwona mtu wa Nachingwea sokoni nageuza baiskeli kama niliyesahau kitu nyumbani. Lakini wengi wenu mmeshaisikia kwa midomo ya watu, tena wameitia chumvi mpaka eti nilijikojolea (sikujikojolea, yale yalikuwa maji ya tope), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Nkowe, shule niliishia darasa la pili, ila kwa kuumba uwanja wa kupigia ufuta hakuna aliyeniweza kuanzia kwetu mpaka Mbekenyera. Unatafuta udongo mzuri wa mfinyanzi, unaulowesha, unaushindilia, unausiriba kwa kiganja mpaka usibaki hata ufa wa kupitisha sindano, maana punje ya ufuta ikiona ufa imekwenda. (Marehemu mama akikuta punje imezama kwenye ufa wako, siku hiyo ulikula maneno tu.) Basi sifa hizo ndizo zilizonipeleka Nachingwea kwa Bwana Issa.

Huyu Bwana Issa ni mtoto wa huku huku, alikaa Dar miaka mingi na biashara zake, akarudi akajenga, na nyuma ya nyumba akataka kiwanja kidogo cha mpira cha wanawe, chenye nyasi za bandia. Nyasi zikaja na lori zimeviringishwa kama mikeka, kijani kibichi, nikazinusa (msinicheke), zinanuka tairi. Fundi aliyekuja nazo, Sudi, akaniambia, "Mzee Bakari, mfinyanzi huu wote unatoka, kina cha goti. Tunajaza kokoto, tunashindilia, juu mchanga, ndipo nyasi. Maji lazima yapate njia." Akaenda Masasi kufuata gundi, akaniachia vibarua wanne na lundo la kokoto.

Nikautazama mfinyanzi ule, unavutika kama ugali wa muhogo. Kwetu tunaufuata mwendo mrefu na beseni kichwani, leo naambiwa niutupe! Nikawaambia vibarua, "Huyu wa mjini, udongo hajui." Tukalowesha, tukashindilia siku mbili, nikasiriba mwenyewe kwa mikono hii, kokoto nikazimwaga njia ya chooni, juu ya mfinyanzi nikatandaza mchanga kidogo. Sudi aliporudi akapiga kisigino, pakalia kama saruji.

"Mzee, kokoto zipo chini?"

"Zipo."

Neno moja tu, jamani, naye akatandaza nyasi akazibandika kwa gundi. Na kuna jambo nalijua tangu nanyonya ila siku hiyo lilinitoka kichwani: uwanja wa ufuta ni wa kiangazi. Mvua ikiupitia unakuwa uji, ndiyo maana kila mwaka tunauumba upya.

Kiwanja kikapangiwa kufunguliwa siku ya Idi, na mwaka ule Idi iliangukia mvua za mwanzo. Ikanyesha siku tatu mfululizo, mimi niko kwa binti yangu pale pale Nachingwea, kila bati likilia na moyo unalia, mpaka binti akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia tumbo.

Asubuhi ya Idi jua likatoka. Watu tele, wa Nachingwea, wa Ruangwa, pilau imepakuliwa kwenye masinia. Mama yake Bwana Issa, Bi Somoe, mkulima wa Chunyu ambaye miguu ilikuwa imeshamchoka, akawekewa kiti cha plastiki katikati ya kiwanja ili aurushe mpira wa kwanza. Sisi tukarudi pembeni tupige makofi. Ndipo kitu kikasogea.

Kiliinuka chini ya nyasi, kinene kama paja, kikatambaa polepole kuelekea kwenye kile kiti. Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Chatuuu!"

Mimi nilijua. Maji yameingilia pembeni, mfinyanzi umekuwa uji, nyasi zimekuwa kama kibofu, pakikanyagwa huku panavimba kule. Bwana Issa akanigeukia, jasho linamtiririka. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyechimba. Uliona shimo la nyoka?"

Nikasema, "Lilikuwepo... kama kishimo hivi."

Ya Rabi! Ndilo jibu nililoliona jepesi.

"Mama, usitikisike!" Bwana Issa akapaza sauti.

"Sitikisiki, mwanangu. Mbona kiti ndicho kinakwenda chini?"

Sasa mtani wangu Selemani, mwindaji wa Mbekenyera, alikuwa kaja na gobore ili apige baruti ya kufungulia kiwanja. Akaanza kulishindilia vipande vya chuma. "Bakari, usihangaike kukimbia," akanitania, "mkavu kama wewe chatu hakutamani!" Akapiga goti, akalenga. Uvimbe ulikuwa shibiri moja kutoka miguuni kwa Bi Somoe, naye mikono kifuani, anasoma shahada.

Nikapaza sauti, "Usipige! Ni tope! Kokoto hakuna!" Nani asikie, watoto wanalia, kina mama wanalia. Basi nikakimbia na kanzu yangu ya Idi, nikajitupa kifudifudi juu ya uvimbe.

Gundi ikaachia. Tope likaruka pwaa! likamvaa Bwana Issa kutoka kofia mpaka viatu, masinia mawili ya pilau yakageuka uji, na Selemani kwa kushtuka akainua mtutu, ukalipuka juu, majani ya mkorosho yakatudondokea kichwani.

Bi Somoe akachovya kidole kwenye tope la khanga yake, akalisaga kati ya vidole, akanikazia macho. "Udongo huu umesiribwa. Nani kaumba uwanja wa ufuta wakati wa mvua?"

Sudi naye, taratibu: "Mzee, si ulisema zipo?"

Nikatema tope, nikaomba jembe.

Nilifukua kiwanja kizima, kina cha goti, na kokoto nikazirudisha kutoka njia ya chooni. Bi Somoe alikaa na kiti chake pembeni kila siku, nikimwaga beseni anauliza, "Bakari, zipo?" na haridhiki mpaka nizichote nimwonyeshe. Yule bibi ningemzika siku ya Idi kwa ajili ya neno moja, ndiyo maana sikununa.

Tangu hapo nimekoma. Hata mke wangu akiuliza kama chumvi ipo, nainuka, nafungua kopo, naangalia, ndipo namjibu.