Mguu wa Kushoto wa Lorraine

Dinah Mwakio aliwajua wanawake wa Lewisham kwa migongo yao. Mjamzito akimpa mgongo, yeye angemwambia hulalia ubavu upi na ni lini alianza kuumwa kiuno. Kazi hiyo alifundishwa na nyanya yake kule Wundanyi, na alipofika London mwaka 1996 hakuona sababu ya kuiacha uwanja wa ndege. Siku za juma aliwaogesha wazee katika makao yao. Jumamosi ilikuwa zamu ya akina mama wajawazito wa kanisani, na viuno vyao na miguu yao inayowaka moto, akawakanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa ndani ya bakuli la maji moto. Ukijisitiri mno mbele yake atakucheka. "Mficha uchi hazai," angesema, "na wewe naona umeshachelewa kuficha." Basi utacheka hata aibu ikuishe.

Lakini Dinah huyohuyo alikuwa mwoga wa kupindukia. Viza yake ya ugeni iliisha zamani, na kazini alitumia karatasi za binamu yake. Hakufungua mlango kabla ya kuchungulia dirishani. Kwa miaka saba hakuwa amekanyaga hospitali, hata mwaka ule jino lilipomvimba mpaka jicho likafumba. Karatasi yoyote yenye jina lake aliiogopa kuliko mbwa mkali.

Jumamosi moja ya Februari 2003 akaja Lorraine, binti wa watu wa Voi, mke wa Jotham dereva wa basi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mbili za kwanza zilitoka, kwa hiyo hii kanisa zima liliibeba kwa maombi.

"Auntie, hii mguu ya left inaniua," alisema akijilaza. "Ni kama cramp, lakini imekataa kutoka. Midwife nitamwona Thursday."

Dinah akaushika. Mguu ulikuwa na joto, na shavu lake, ile nyama ya nyuma chini ya goti, lilikuwa gumu, limejaa kuliko la mwenzake. Tofauti hiyo aliiona, na hilo ndilo lililokuja kumtesa, kwamba aliiona. Akajiambia kuwa mtoto ameegemea upande mmoja tu. Nyanya alimfundisha kwamba maumivu hayaachwi njiani. Unayaanza kwenye kifundo, unayapandisha gotini, pajani, mpaka nyongani yatokee huko. Ukiyaacha katikati yatajenga nyumba. Basi akapandisha. Lorraine aliuma taulo, machozi yakamchuruzika. Dinah akawa anambembeleza, "Pole mama, pole, yanatoka hayo," huku akipandisha tena, mara saba kwa nguvu zake zote. Mwishowe Lorraine alisema amepata nafuu kidogo. Labda alisema kwa heshima tu.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na mafunzo kazini. Mkufunzi, mama mmoja aitwaye Priscilla, aliwaonyesha wafanyakazi picha za miguu ya wagonjwa. Dinah alikuwa nyuma kabisa, chai mkononi, akiwaza kitanda chake.

"Ukiona mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu," Priscilla alieleza, "huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Wazee wanaolala sana hupata hali hiyo, na wanawake wajawazito pia. Mguu huo usiukande kamwe. Bonge la damu likichomoka litapanda hadi kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa hapohapo mnazungumza."

Dinah akaweka chai chini. Alitoka bila kuomba ruhusa, akasimama barabarani na sare yake ya kazi bila koti, akapiga simu nyumbani kwa Lorraine. Alikosea namba mara mbili. Jotham ndiye aliyepokea.

"Amelala, Auntie. Amechoka tu. Tangu asubuhi anapumua harakaharaka hivi, lakini si ni mimba?"

"Mwamshe! Ita ambulance."

"Ambulance ya nini? Auntie, usituogopeshe bure."

"Jotham! Mimi ni mama yako hapa London. Usipoiita sasa hivi, nisikuone tena mlangoni kwangu."

Akaita. Dinah naye akadandia basi la kwenda hospitali ya Lewisham, na njia nzima hofu ilimfanyia hesabu zake. Mwanamke akifa, watauliza nani alimshika. Asipokwenda, nani atajua? Angeweza kushuka kituo kinachofuata, akapotelea Hounslow kwa binamu yake. Alikitazama kitufe cha kusimamishia basi, na aliona haya kwamba alikitazama kwa muda mrefu vile.

Alimkuta Lorraine katika chumba cha dharura, barakoa ya oksijeni usoni, midomo imepauka. Jotham alikuwa ameshika viatu vya mkewe kama mtu asiyejua pa kuviweka. Daktari kijana aliukagua mguu, akaminya kidogo, akakunja uso.

"Kuna mtu yeyote aliyeukanda mguu huu?"

Lorraine alimwangalia Dinah juu ya barakoa. Kule kanisani, Lorraine peke yake ndiye aliyejua habari za viza. Akatikisa kichwa.

"No," alisema kwa sauti ya kukatika. "Nobody."

Ameshanijibia, moyo ukamwambia Dinah. Nyamaza. Mlango ulikuwa hatua tatu tu. Mlinzi alikuwa amesimama hapo nje, na kwa Dinah kila sare ilikuwa ya uhamiaji. Alimwona Lorraine akitafuta pumzi nyingine, na pumzi ile ilichelewa kuja.

"Ni mimi," Dinah alisema. Kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. "Niliukanda mimi, juzi." Mdomo uliofungwa miaka saba ulipofunguka haukujua kusimama. Alitaja majina yake matatu, tarehe yake ya kuzaliwa, nyumba anayokaa na mwaka viza yake ilipokwisha.

"Sikuuliza viza," alisema daktari. "Ulikanda vipi? Ulifika wapi?"

Dinah aliweka mguu wake mwenyewe juu ya kiti akamwonyesha. Kutoka kifundoni. Gotini. Pajani. Mkono ulipofika nyongani ukasimama.

"Mara ngapi?"

"Saba."

Jotham aligeukia ukutani.

Daktari hakusubiri picha za vipimo. Aliagiza sindano ya kuzuia damu kuganda ichomwe palepale, na picha zilipokuja zikaonyesha bonge kwenye paja na vipande vyake ndani ya mapafu. Muuguzi alipitisha kipimo juu ya tumbo, na moyo wa mtoto ukasikika, ukienda mbio. Daktari alisema hatari bado ipo, Lorraine atachomwa sindano kila siku mpaka ajifungue, lakini kama wangengoja hadi jioni yeye daktari angekuwa anampa Jotham pole za msiba.

Jotham alitoka kwenda kumpigia mama mkwe wake. Alimpita Dinah bila kumtazama.

Lorraine akasogeza barakoa. "Auntie, kwa nini umejitaja? Mimi nilikuwa nimeshakuficha."

"Ungekufa na siri yangu."

Lorraine alivuta pumzi fupifupi. Kisha akanyoosha mkono juu ya shuka.

"Nishike basi, Auntie. Naogopa."

Dinah alikuwa ameifungia mikono yake kwapani.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Naiogopa hii mikono."