Shokapu za Msimu wa Mpunga

Mwanzoni mwa mavuno nilikuwa kwenye duka la spea pale Kashaulili, natafuta mkanda wa feni. Mbele yangu bwana mmoja na mkewe mjamzito walikuwa wanachagua shokapu za gari lao dogo. Muuzaji aliweka aina mbili kaunta, laini na ngumu. Bwana akaegemea kila moja kwa viganja vyote viwili. Laini ilizama, akakunja uso. Ngumu ilimgomea, akatabasamu.

"Unabeba mzigo?" muuzaji aliuliza.

"Mpunga kutoka Mamba, wakati wa mavuno."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine familia tu."

Mkewe akaigusa ile laini. "Baba watoto, na mgongo wangu je?"

"Laini hazidumu, mama. Barabara zetu si unazijua?"

Wakaondoka na ngumu.

Juzi nimewakuta Majengo, mama kapakata mtoto. Mavuno yalishapita, lakini gari lilikuwa limeinama nyuma. Nikauliza wamebeba nini.

"Mchanga," mama akajibu. "Gunia mbili. Likiwa tupu linaturusha, mtoto analia njia nzima."

Mumewe akapiga bodi kwa kiganja. "Lakini shokapu hizi, ndugu yangu, hazifi leo wala kesho!"

Njia nzima nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Nilipofika nyumbani nikawakuta wanangu wanakula wamekaa sakafuni, na makochi yetu yamefunikwa vitambaa vyeupe, yanasubiri wageni.