Nilivyomtengenezea mke wangu ubongo wa sponji ili avuke sup ya Anatomy

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mie humu ni msomaji wa kimyakimya, miaka sasa, kazi yangu kugonga like na kupita. Leo nimeamua kuandika. Chumvi sitaongeza, kwa sababu mke wangu naye ana akaunti humu na uzi huu lazima atausoma. Nikidanganya nalala na njaa.

Mimi ni fundi sofa hapa Keko. Sofa, stuli, vitanda vya kuweka sponji kichwani, vyote napiga. Shule niliishia form four, na alama niliyopata ya Biology si ya kutaja mbele za watu.

Mke wangu, nitamwita mama Nasra, ni kinyume changu kabisa. Miaka mingi alikuwa mhudumu kwenye zahanati moja, anafagia, anapeleka sampuli maabara, huku anawatazama wenye makoti meupe. Mwaka jana akapata nafasi ya chuo, diploma ya utabibu. Siku aliyopewa koti lake alizunguka nalo sebuleni mpaka binti yetu Nasra akauliza kama tunaenda harusini.

Basi, matokeo ya muhula yakatoka. Masomo yote kapita, Anatomy kala sup.

Kwa msiojua, sup ni kurudia mtihani. Pale chuoni kwao ukifeli na hiyo, unarudia mwaka mzima. Na yeye alishaniambia harudii.

"Nikifeli tena naacha, baba Nasra. Narudi kufagia. Kichwa changu hakina kitu, tukubaliane tu."

Kilichomwangusha, wakuu, ni kichwa chenyewe. Fuvu na ubongo. Chuo kina fuvu moja la plastiki kwa darasa zima, na muda mwingi limefungiwa kabatini. Wanaoligusa ni wale wa benchi la mbele. Mke wangu alikariri kwa picha za kwenye simu, ukimgeuzia picha upande wa pili tu anapotea. Na sup yenyewe ilikuwa ya mdomo: fuvu liko mezani, mwalimu anaonyesha, wewe unataja.

Mie na mdomo wangu nikamwambia, "Si ukariri tu, majina tu hayo."

Alikusanya madaftari yake taratibu, akayasukuma chini ya kitanda. Hapo nikajua nimeharibu. Niliumia kuliko siku nzima ya kubeba mbao.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Kibwana, jirani yangu wa banda. Yule mzee ni mchongaji, maua yote mnayoyaona kwenye vitanda vya barabara yetu yametoka mikononi kwake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Marahaba. Nini hiki?"

"Fuvu, mzee. Nataka tulichonge, mfupa mmoja mmoja, lifunguke na lifungike."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, mie nimechonga maua, nimechonga simba, nimechonga mpaka jina la mchumba wa mtu. Kichwa cha maiti sijawahi kuombwa."

Nilipomweleza ni kwa ajili ya mtihani wa mama Nasra, akalegea. Akaivuta picha karibu, akaanza kuzitazama zile jointi za fuvu, ile mistari iliyopinda pinda kama meno ya msumeno. Mwisho akasema, "Fundi wa kazi hii hakutumia msumari hata mmoja."

Kuanzia hapo sikuwa na haja ya kumbembeleza. Kazi zake za wateja aliziweka pembeni.

Boksi la ubongo lina mifupa minane. Mbele mmoja, unaitwa frontal. Juu miwili, parietal, kulia na kushoto. Pembeni kwenye masikio miwili, temporal. Kisogoni occipital. Halafu kuna miwili imejificha ndani, sphenoid na ethmoid, hiyo ndiyo ilitutoa jasho. Sphenoid imekaa kama popo aliyekunjua mbawa, na inagusana na yote saba iliyobaki. Mzee Kibwana alivunja vipande vitatu vya mbao kabla hajaipata.

Ngoja niwape kituko. Siku ya tatu akaja mama mmoja kuangalia stuli zake. Fuvu lilikuwa juani linakaushwa gundi, macho yanaangalia barabara. Yule mama akapiga salamu nusu, akaishia hapo hapo. Nilimwona anavuka barabara huku kashika viatu mkononi. Stuli alikuja kuzichukua kaka yake, na alisimama mbali wakati nazipakia.

Mabanda yote Keko yakajua fundi fulani ana fuvu.

Sasa kwenye ubongo. Huo nikajua ni wangu, sponji ndiyo maisha yangu. Nikakata donge la mviringo, safi, nikalipiga mkasi mpaka likawa laini, nikampelekea nyumbani na fuvu lake.

Wakuu, mama Nasra alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alilishika lile fuvu kwa mikono miwili, akaanza kulipapasa kama anayetafuta chawa kwa mtoto. Halafu akalitoa donge langu.

"Mume wangu, huu mpira. Ubongo una mikunjo."

"Ya nini mikunjo? Mteja akiona mikunjo kwenye sponji anarudisha kazi."

Akasema kitabuni wameandika ina sababu, ila hajawahi kuielewa. Tabaka la juu la ubongo lote likitandazwa ni pana sana. Mie nikaona ubishi wa nini, nikachukua shiti ya sponji nyembamba, pana kama kitambaa cha meza, nikaanza kuisukumia ndani ya fuvu. Haikuingia. Nikaikunja huku, nikaikunja kule, nikabana na kidole gumba. Ikaingia yote.

Mama Nasra alikuwa anakatakata mchicha. Akaacha kisu.

"Rudia."

Nikaitoa, nikairudisha. Ile sponji ikajaa mikunjo na mifereji, sawasawa na picha.

"Kumbe wameikunja ili ienee!" Alipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Yale madaftari yakatoka chini ya kitanda jioni ile ile.

Sasa kosa langu. Mimi sofa nikimaliza, chini napiga kitambaa cheusi, napiga pini, nani analala chini kuangalia? Na fuvu nililifanyia hivyo hivyo. Chini nikaziba na plaiwudi, nikapiga msasa, nikajisifu.

Mama Nasra akaligeuza. Halafu akaniuliza kwa upole wa hatari.

"Baba Nasra, huyu mtu wako, ubongo wake unaongea na mwili kwa simu?"

Kumbe chini ndiko kuna mambo yote! Kuna tundu kubwa mishipa ya uti wa mgongo inapitia, na matundu madogo kibao, kila moja na mishipa yake. Nilikuwa nimeziba njia zote za mawasiliano. Jumapili nzima tukang'oa plaiwudi, Mzee Kibwana akachonga sakafu upya, na mimi na mke wangu tukatoboa kwa drili, yeye anaelekeza na kitabu.

Tukatumia nyuzi zangu za kushonea, rangi tofauti. Neva za kichwa, yaani mishipa ya fahamu, ni jozi kumi na mbili, na kila jozi ikapata uzi wake. Ya kunusa inapita kwenye vitundu vidogo kama chujio la chai. Ya kuonea ina tundu lake safi.

Tulipofika ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja, tukagombana. Alitaka zote tatu zipite tundu moja. Mie nikakataa.

"Huwezi kubananisha nyuzi tatu, zitasagana. Nitoboe mengine mawili."

"Hutoboi! Ndivyo zilivyo!"

"Basi aliyeandika kitabu hajui kazi."

Tulibishana mpaka Nasra akatuambia tunapiga makelele. Nyuzi tatu zikapita tundu moja, mie nimenuna.

Siku ya mtihani sikufanya kazi ya maana. Nilikata kitambaa cha mteja upande usio wake.

Alivyonisimulia baadaye, mwalimu alianza na mifupa, akataja yote. Akaulizwa mikunjo, akaeleza. Kisha mwalimu akaligeuza fuvu juu chini, akaweka ncha ya kalamu kwenye tundu moja. Mke wangu akili ikafungwa. Jina hakuna.

Akaomba ruhusa ya kuligusa. Akapitisha kidole, na pale pale akilini akaniona mimi nimenuna na uzi mkononi. Akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" mwalimu akauliza.

"Samahani, mwalimu. Nimekumbuka ugomvi na mume wangu. Hii ni jugular foramen. Zinapita tatu, ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Yeye alikataa."

Mwalimu naye akacheka. Lakini hakusema kapita au kafeli, akamwambia asubiri matokeo ubaoni.

Tulisubiri siku tisa. Sitaki kuzikumbuka.

Siku ya kumi niko bandani, nimeinama kwenye sofa, mdomoni nimebana misumari midogo, wateja wawili wamekaa wanasubiri. Nikasikia mikono miwili imenishika kichwa kutoka nyuma. Vidole vikatulia kwenye paji la uso.

"Frontal," sauti ikasema.

Vikapanda utosini. "Parietal." Vikashuka masikioni. "Temporal." Vikaja kisogoni, na hapo vikabaki, na sauti ikaanza kukatika. "Occipital, baba Nasra. Occipital."

Sikugeuka haraka, wakuu. Machozi yalishatoka na misumari iko mdomoni. Nilipogeuka, alikuwa amevaa koti jeupe, la mtu mwenye kichwa chenye kila kitu ndani.

Nilichojifunza ni kwamba mtu wako akikwambia hana akili, usimpe maneno. Mpe kitu ashike. Mie nilianza na maneno na nusura nimpoteze daktari wangu.

Fuvu kwa sasa haliko nyumbani, wale wa mabenchi ya nyuma wanapokezana. Wenye uzoefu wa sup mje, na wale wa afya mnisaidie: neva tatu kwenye tundu moja, kweli hazisagani? Mama Nasra asijue kama nimeuliza.