Orodha ya Elfu Ishirini

Juzi Kariakoo nilimkuta muuza vitenge anapiga meza kwa furaha. Alikuwa amenunua orodha ya anwani elfu ishirini za barua pepe, na wote amewatumia tangazo la mzigo mpya. Simu yake ikalia.

"Umeona? Wameanza kujibu!"

Akafungua: "Mpendwa mteja, karibu dukani." Tangazo lake mwenyewe, kumbe naye yumo kwenye orodha!

Kwenye duka la jirani, akina mama walikuwa wanapigana vikumbo. Mwenye duka hilo ana daftari tu, la wateja arobaini waliomwambia, "Mzigo ukiingia, nishtue." Asubuhi aliwaandikia. Kati ya akina mama hao akatoka mke wa huyu jamaa yetu wa barua pepe, kakumbatia doti tatu.

"Hata wewe, mke wangu?"

"Mwenzio aliniuliza napenda rangi gani."

Nilijikaza nisicheke mpaka nikatoka Kariakoo, nikafika Mchafukoge. Pale nikaachia kicheko.